Kambi na Matanga, Uwanja Mmoja

Babu Tiburcio alichagua siku mbaya kuliko zote za kufa, na Choray, msichana wa miaka kumi na mitatu mwenye kinyongo cha mtu wa sitini, aliamini kabisa kwamba alifanya makusudi.

Uwanja wa mpira wa kikapu ndio mahali pekee penye paa kubwa mtaani Kabatohan. Humo hufanyika mikutano, chanjo, harusi, na matanga ya kila ambaye nyumba yake haitoshi jeneza na wageni kwa pamoja. Jumatatu hiyo ya Aprili ilikuwa ifunguliwe humo kambi ya watoto ya likizo, ya kwanza tangu mtaa uwe mtaa. Kapteni Hilario, mkuu wa mtaa, alitoa uwanja, mchele na wapishi. Shirika la Dada Leonor kutoka mjini lilitoa walimu, rangi na vikaragosi vya kuigizia. Choray alikuwa ameshajitengea kikaragosi chake, mamba mwenye meno ya vizibo vya soda. Kisha Jumamosi Babu akafariki, na Jumapili jeneza jeupe likawekwa chini ya goli la mashariki, likae hapo mpaka mwanawe apate ndege kutoka Jedda.

Marehemu alikuwa mlinzi wa uwanja huo. Mali yake ya kazi ilikuwa kiti cha plastiki, filimbi, na chuki takatifu dhidi ya ndala. Aliyeingia na ndala alitolewa. Choray alitolewa kuliko watoto wote, akalipiza kwa kujifunza kuiga sauti yake. Akafika mahali pa kuwafukuza wenzake uwanjani kwa sauti hiyo akiwa amejibanza nyuma ya ukuta, huku Babu mwenyewe yuko nyumbani anakunywa kahawa.

Kapteni hakuwa mtu wa kumnyima mtu jambo, awe hai au maiti. Alikuwa amewaahidi wafiwa upande mmoja wa uwanja na watoto upande wa pili, akaenda kulala kwa amani. Asubuhi Dada Leonor akaingia, akakuta meza za karata, chupa, na waliokesha wakikoroma juu ya benchi. Kaka Jepoy, mmoja wa walimu wake, kijana mwenye moyo safi, akaona njia ya kusaidia ni kuchukua ufagio na kuanza kufagia. Wanawake watatu wakamrukia na kumpokonya. Kufagia matangani ni kuita kifo kingine, na mtoto wa Kabatohan hulijua hilo kabla hajajua jina lake kamili.

Dada Leonor akaomba radhi kwa kila mtu, kisha akamvuta Kapteni pembeni.

"Kapteni, tusilazimishe. Wafiwa wanataka utulivu, na sisi kwa kanuni zetu mtoto hakai penye karata na pombe. Ng'ambo ya mto wana ukumbi. Wako tayari leo hii."

"Ukumbi wanao," alisema Kapteni, jasho likimtiririka, "ila watoto kama hawa hawana."

Dada Leonor akamtazama mtoto aliyekuwa akining'inia kwenye goli la magharibi kama nguo iliyoanikwa. Akasema hilo analiona.

Vikaragosi vikaanza kurudishwa garini. Choray alimwona mamba wake akiingizwa kichwa chini, na akajua kwamba likizo yote sasa ni kulea wadogo zake na kuhesabu nzi. Ng'ambo ya mto kulikuwa mbali mno kwa watoto wa kwao.

Kando ya jeneza Bibi Salud, mjane, alikuwa peke yake. Maiti haachwi bila mtu, na mchana watu wengi wako kwenye mashamba ya miwa; macho yake yalikuwa mekundu na kichwa kinaanguka. Onyok, mdogo wake Choray, akasogea taratibu na ndala zake mpaka akaweka kidevu juu ya kioo cha jeneza, amwone Babu vizuri. Hapo Choray akafungua mdomo bila kufikiri, jambo ambalo kwake lilikuwa desturi, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Babu.

"Wewe. Hiyo miguu ya bata imeingiaje kwangu na ndala?"

Onyok akaacha ndala pale pale na kutimua mbio. Wacheza karata wawili wakaamka wakijipiga ishara ya msalaba. Kaka Jepoy, ambaye hakuwahi kumjua marehemu, akavua viatu.

Shangazi yake Choray alikuwa anakuja na mkono umeshainuliwa.

"Rudia," alisema Bibi Salud.

"Bibi, nisamehe, mimi nilikuwa tu..."

"Sijakuuliza ulikuwa nini. Rudia."

Choray akarudia, polepole. Bibi akacheka hadi akavua miwani; kicheko kikageuka kilio, kisha kikawa kicheko tena.

"Kumbe ni wewe. Alikuwa akirudi ananiambia, Salud, kuna mtu pale uwanjani anaifanya kazi yangu vizuri kuliko mimi." Akajifuta, akauliza masanduku ya vikaragosi yanakwenda wapi. Dada Leonor akamweleza habari ya utulivu.

"Utulivu wa nini, mwanangu? Mchana kutwa niko naye peke yangu, usingizi unaniiba. Maisha yake yote yalikuwa kelele za hawa. Ukiwaondoa leo, atadhani amekufa kweli."

Kapteni akatangaza kwamba ndivyo alivyosema tangu mwanzo. Hakuwa amesema. Lakini karata na chupa zikafungiwa kila mchana, Dada Leonor akapiga simu mjini, akabishana, akashinda, na masanduku yakashuka. Watoto waliotaka, wakiwa na mtu mzima, walikaa zamu na Babu, na Bibi Salud akapata usingizi kwenye benchi huku mamba akimtafuna Kapteni wa kitambaa hatua chache kutoka kwake.

Mwana akafika, wakazika Jumapili iliyofuata. Jumatatu watoto walimkuta Bibi uwanjani na ufagio, akiliondoa vumbi la matanga yote. Wakachukua fagio nao. Alipomaliza akaketi kwenye kiti cha plastiki, filimbi shingoni.

Choray akaingia amechelewa, mamba mkononi, ndala miguuni. Filimbi ikalia.

"Choray. Nje."

Akatoka, akazivua mlangoni, akazipanga pamoja na za wenzake, akiwa na furaha ambayo hakuwa na nia ya kumweleza mtu.