Kiti cha Mlalamikaji

Ikifika saa kumi na moja jioni ya Ijumaa ile, Tume ya Haki za Binadamu ya jiji la Marlow ingekuwa kibogoyo. Madiwani walishapiga kura: tume isichunguze tena, isimwite mtu, isitoe amri. Kazi yake mpya ni semina na mazungumzo ya ujirani mwema, na kahawa na biskuti juu. Anayebaguliwa apeleke malalamiko yake jimboni, huko ambako mafaili hulala mwaka na nusu kabla ya kufunguliwa. Ila kesi ambayo karatasi zake zimegongwa muhuri kabla ya saa hiyo ingemalizwa kwa sheria ya zamani.

Verlene Gaddis, mchunguzi wa tume kwa miaka ishirini na saba, alibakiwa na faili moja tu mezani. Lilikuwa la Renita Colvard, mpishi mweusi wa makao ya wazee, aliyekuwa akilala sakafuni kwa dada yake pamoja na binti zake wawili. Jumatano alikwenda kuulizia nyumba ya vyumba viwili ya Bwana Stroud, karibu na shule ya watoto wake. Stroud alimtazama, akasema imeshachukuliwa. Bango la kupangisha bado lilikuwa dirishani.

Neno la mtu mmoja dhidi ya mwingine halimfungui mlango mtu. Ndiyo maana tume ilikuwa na wajaribu: mweusi akishajibiwa, siku hiyohiyo anatumwa mweupe kuuliza nyumba ileile, kisha majibu yanalinganishwa. Sharti la mjaribu ni moja, na Verlene ndiye aliyewafundisha wote. Ukitoka kwa mwenye nyumba, funga mdomo. Andika kwanza kwa mkono wako, uape, ndipo uzungumze. Wakili wa upande wa pili hana swali jingine la kwanza: nani alikutia maneno kinywani?

Siku ile ya Jumatano alimtuma Bi Hildegard Voss, mwalimu mstaafu, mweupe, wa miaka themanini na moja, aliyemfundisha Verlene mwenyewe kusoma. Sasa saa nane ya Ijumaa bibi alikuja kuapa. Alivaa miwani, akasoma fomu neno kwa neno, akafika mstari wa mwisho, akanyanyua kalamu.

"Verlene, mwanangu. Hapa pameandikwa sikuzungumza na mtu yeyote kabla ya kuandika."

"Ndiyo, Mwalimu. Ni kawaida hiyo."

"Si ulinisubiri garini, ukaniuliza 'vipi'? Nami nikakumwagia yote, jinsi alivyonikaribisha, mpaka rangi ya soksi zake."

Verlene aliikumbuka Jumatano ile. Kweli aliuliza! Miaka ishirini na saba anawakaripia wengine, halafu kwenye kesi ya mwisho, kwa pupa yake, akatia mchanga kitumbua chake mwenyewe.

"Haya, nitie saini?" bibi aliuliza kwa upole. "Wewe ukisema nitie, natia."

Verlene aliitazama ile kalamu. Alimwona Renita na watoto sakafuni. Akawaona pia mama yake na yeye mwenyewe, mtoto wa miaka sita, siku tume ilipomlazimisha mwenye nyumba wa Mtaa wa Kumi awakabidhi funguo. Nyumba ile ndiyo iliyomkuza.

"Usitie, Mwalimu," alisema. Akaichana fomu kabla hajabadili mawazo.

Preston Amdahl, mkurugenzi mpya, alikuwa chumba cha pili akibandika mabango ya semina. Kijana wa miaka thelathini, mweupe, mpole, ameletwa kwa ajili ya hayo mazungumzo. Verlene hakumzungusha.

"Bosi, acha gundi. Leo utakuwa mjaribu."

"Mimi? Mama Verlene, sijawahi..."

"Wewe. Stroud hakujui, na sura yako ndiyo anayoipenda."

"Na kabla yangu ataenda nani? Wajaribu wote wamesharudisha vitambulisho."

"Nitaenda mimi. Mimi na Renita rangi yetu ni moja."

"Lakini mchunguzi haruhusiwi kujichunguzia!"

"Kinyozi hajinyoi, najua. Basi mimi si mchunguzi tena. Naenda kama mlalamikaji, na kesi yangu iungane na ya Renita." Alivua kitambulisho, akakiweka juu ya mabango. "Sharti ni lile lile. Ukirudi usiniambie hata 'habari'."

Saa tisa u nusu alibonyeza kengele. Alikuwa amejiandaa kwa dharau, hata kwa matusi. Bwana Stroud alifungua kwa adabu zote, mzee nadhifu wa sweta la kijani.

"Nimekuja kuulizia nyumba," alisema Verlene.

"Aa, pole sana, mama. Imechukuliwa tangu Jumatatu."

"Bango bado lipo."

"Nasahau sana siku hizi." Akatabasamu, mkono wake umeshika ukingo wa mlango. "Utapata nyingine, mtu mzuri kama wewe."

Verlene alisema neno moja, akageuka. Miguu ilimchukua hadi kwenye gari, akakaa humo, asijue funguo ziko mkono gani.

Ofisini alikwenda mezani kwake kwa mazoea, kisha akakumbuka, akazunguka upande wa pili na kuketi kwenye kiti cha mlalamikaji. Kumbe kilikuwa kifupi hivyo! Aliandika jina, tarehe, saa na maneno ya Stroud. Kisanduku cha mwisho kikauliza: Eleza ulivyoumizwa. Ukutani lilibandikwa tangazo alilolichapa mwenyewe zamani: Mistari mitatu inatosha. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Ni wangapi aliwakatiza hapa walipoanza kulia?

Saa kumi na robo Preston aliingia, uso umemwiva. Alimpita bila salamu, akaketi kwenye kona na kuandika. Alipomaliza aliapa mbele ya Bi Hildegard, aliyekuwa bado ofisini, na mwanasheria wa jiji aliyeshuka kwa ajili hiyo. Hapo tu ndipo alipogeuka.

"Kaniambia nihamie Jumatatu," alisema. "Kanipa mkono. Mama Verlene, kanipa mkono!"

"Najua, mwanangu."

Preston alitazama saa, kisha fomu ya Verlene, ambayo kisanduku chake kilikuwa kimejaa na mwenyewe bado anaandika pembeni.

"Karani wa muhuri huko juu anafunga. Mistari mitatu inatosha, mama."

"Haitoshi," alisema Verlene. Machozi yalikuwa yanamdondoka waziwazi, wala hakuyafuta. "Nipe karatasi nyingine."

Alimpa, akasimama mlangoni kumsubiri, tayari kukimbia. Muhuri wa karani uligongwa saa kumi na moja kasoro dakika nne, kwenye karatasi zote. Stroud angeitwa mbele ya tume, na Renita angesikilizwa.

Karani, mtu asiyesoma anachopiga muhuri, siku hiyo alisoma. Kwenye karatasi ya pili, chini kabisa, Verlene alikuwa ameandika: "Alitabasamu akinifungia mlango, nami nikamwambia asante. Wote waliokalia kiti hiki waliniambia walisema asante. Sikuwahi kuliandika neno hilo."