Silabi Mbili

Mwalimu wa kwaya alikuwa na jina lake la ubatizo, lakini waimbaji walishalizika zamani wakamwita Mzee Nota. Sikio lake lilinasa kosa la mtu mmoja katikati ya kwaya nzima, na likishanasa haliachii. Kosa la kwanza alikutazama. La pili aliguna. La tatu alisema maneno ambayo hata watoto wa Shule ya Jumapili walijua kuyaigiza: "Aliyetoka kwenye sauti, mlango anaujua."

Silabi nazo alizilinda kama mboni ya jicho. "Ne-e-ma," angesema, akigonga meza. "Si 'nema'. Mnakula herufi za Mungu, na mmetoka kula nyumbani." Kwa kweli hapakuwa na mtu kanisani aliyejua kuitamka neema kama Mzee Nota. Kuitamka tu, lakini.

Mwimbaji wake bora wa sauti ya pili alikuwa binti yake wa pekee, aliyebaki naye baada ya mama kufariki. Sauti ya kwanza ndiyo watu wanayorudi nayo nyumbani wakiipiga mluzi. Ya pili inapita chini yake kimyakimya, na hakuna anayejua kwamba ipo mpaka siku inapokosekana. Binti alipopata mimba na hana mume, wazee wa kanisa walikuwa hawajaketi kulijadili, na mchungaji aliomba jambo lipewe muda. Mzee Nota hakungoja. Mbele ya kwaya nzima alimnyang'anya binti karatasi ya wimbo, akaikunja, akamwambia yale maneno yake ya mlango.

Binti aliondoka kwenye kwaya, na kabla jua halijatua alikuwa ameondoka na nyumbani. Watu walimsifu mwalimu. Huyu hana upendeleo, walisema, hata damu yake mwenyewe haimbabaishi. Sifa hizo alizila kwa muda na akashiba. Kisha utamu ukaisha, ikabaki nyumba.

Alimkumbuka mwanawe kwa uchungu ambao hakumwambia mtu. Kila jioni alichemsha chai ya watu wawili, akainywa yote peke yake, akalala vibaya. Kwenye mazoezi, ilipofika pale sauti ya pili inapoingia, mkono wake wa kushoto uliinuka wenyewe kuelekea kiti cha pembeni, ambako sasa alikaa mama mmoja mwenye moyo mzuri kuliko sauti. Waliothubutu kumuuliza aliwajibu, "Aje atubu. Mimi nimeshamsamehe." Na neno lenyewe alikuwa nalo tayari, nimekusamehe, amelifanyia mazoezi mbele ya kioo mpaka likapata uzito wake. Miaka ikapita, na binti hakuja kulichukua. Damu ni nzito kuliko maji, lakini ya hawa wawili ilikuwa imeganda.

Halafu koo likamgomea. Lilianza kwa kukwaruza na likaishia kwenye upasuaji. Daktari akamkataza kusema mpaka kidonda kipone, na hata hapo, alisema, sauti ya zamani asiitegemee sana. Majirani walikiri kwamba hawakuwahi kuwa na mazungumzo mazuri naye kama wakati ule. Kwaya aliichukua mpiga kinanda, na jambo lililomuudhi Mzee Nota ni kwamba haikufa.

Jumapili moja aliketi kwenye benchi kama watu wengine, na kwaya ikaimba wimbo alioutunga mwenyewe wakati binti yake alipozaliwa, wimbo mfupi wa shukrani aliokuwa akimbembelezea. Waliimba bila kosa hata moja. Yeye alisikia shimo katikati ya wimbo, mahali pa sauti ya binti yake, akashindwa kuyazuia machozi. Jirani yake wa benchi akadhani ni kidonda, akampa pipi ya koo.

Akaamua kwamba kama binti haji kuchukua msamaha, atampelekea. Alijiona mtu mwema sana kwa uamuzi huo. Alivaa koti lake la kanisani akaenda.

Binti alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti, na humohumo alisukia watu nywele. Mlango ulikuwa wazi. Mteja alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, nusu ya kichwa imeshasukwa, nusu nyingine imesimama kama imeona jini. Vidole vya binti vikasimama.

"Shikamoo, Mzee," mteja akasema.

Mzee Nota aliinua mkono badala ya kuitikia. Binti aliinua macho. Uso wake ulikuwa umekomaa, na sasa alifanana na marehemu mama yake kiasi cha kutisha.

Mzee Nota akanyoosha koti. Akafungua kinywa. Neno alilolifanyia mazoezi miaka yote lilipanda mpaka kooni, likakwama kwenye kidonda. Ilitoka "Ni," ukafuata upepo mtupu, kisha ikatoka "samehe."

Silabi mbili za katikati zilikuwa zimemezwa. Binti alisikia kile kilichosikika.

Chanuo likamponyoka. Akajifunika uso kwa mikono iliyojaa mafuta ya nywele. "Baba," akasema, "nilidhani utakufa hujaniambia hilo neno. Au nitatangulia mimi."

Mzee Nota tayari alikuwa ameinua kidole. Maisha yake yote hakuwahi kuiacha silabi iliyomezwa ipite hivihivi. Me-ku, alitaka kusema, kuna me-ku hapo. Lakini mwanawe alikuwa akilia kwa furaha mbele yake, na kidole kikabaki hewani hakijui pa kwenda. Akaona aibu, aibu ya kweli. Huyu hakuwahi kuhitaji kusamehewa na yeye. Alihitaji baba, na baba alikuwa amefunga mlango, akakaa ndani kungoja abishiwe hodi.

Kidole kikashuka. Akavuta pumzi, akalisema tena kwa makusudi, polepole, kila silabi mahali pake.

"Ni-sa-me-he."

Liliuma koo, likauma na kwingine.

"Nilishakusamehe zamani, Baba," binti akasema. "Sikujua tu nikuletee vipi."

Mteja alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga. "Mkaribishe basi mzee aingie, dada. Mimi na nusu kichwa changu tutangoja."

Nyuma ya pazia kulikuwa na mtoto wa kike, umri wa kuanza shule, akicheza na vifuniko vya chupa. Aliambiwa, "Huyu ni babu yako." Akamkagua babu kuanzia viatu, akaridhika, akaendelea na vifuniko vyake huku anaimba. Maneno yalikuwa ya ule wimbo wa shukrani. Tuni ilikuwa na kosa. Sikio la Mzee Nota likasimama: kosa mwanzo, kosa katikati, kosa mpaka mwisho. Kisha akaelewa. Mtoto hakukosea hata mahali pamoja. Alikuwa anaimba sauti ya pili.

"Ndiyo namwimbia akilala," binti akasema. "Yeye anajua wimbo ndio huo. Ya kwanza ilikuwa yako, sikuigusa."

Miaka yote hiyo nafasi yake ilikuwa imeachwa wazi, usiku baada ya usiku, katika chumba asichokijua. Mzee Nota hakuweza kuvumilia. Akamsahau daktari, akaweka sauti ya kwanza juu ya ile ya mtoto. Ilitoka kama geti linaloburutwa kwenye saruji, na ilipofika pa kupanda ikaanguka pembeni kabisa.

Mtoto akanyamaza. "Babu anakosea."

Binti alimtazama baba yake.

"Baba," akasema, "umetoka kwenye sauti."

Alijua. Macho yake yakaenda yenyewe mlangoni, na mikono ikaanza kufunga vifungo vya koti.

Binti akasukuma kigoda kwa mguu mpaka kikamgusa goti.

"Keti," akasema. "Turudie."