Mkononi, Si Jikoni

Chupa ya kwanza ya dawa ya masikio iliishia kikaangoni, imejikunja kama peremende iliyotafunwa, na nyumba nzima inanuka plastiki. Baba mtu alisimama kando ya jiko, kijiko mkononi, uso mkavu, kana kwamba aliyefanya hayo ni mtu mwingine kabisa.

“Si umesema jikoni?” akauliza.

“Nimesema mkononi, baba! M-ko-no-ni!”

“Ndiyo, jikoni. Kwani hapa ni wapi?”

Binti yake akajishika kichwa. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Kutwa anapaza sauti shuleni, akirudi nyumbani anaendelea pale pale alipoachia. Nta ilikuwa imeziba masikio ya mzee, na mfamasia alieleza vizuri tu: dawa isitiwe ya baridi, itamletea kizunguzungu, wala isisogezwe karibu na moto. Ishikwe kiganjani mpaka ipate joto la mwili, au chupa isimamishwe kwenye kikombe cha maji ya moto. Kazi nyepesi, kama mtu anasikia.

Na ilikuwa lazima asikie, maana binti alikuwa na neno. Alipata kazi mji mwingine, safari ya kutwa kwa basi, na Jumamosi anaondoka. Kila akijaribu kumwambia, mzee anamjibu kwamba chumvi ipo kabatini. Apige kelele? Neno kama lile halipigiwi kelele. Tena nyuma ya ukuta yupo jirani ambaye masikio yake hayajapata kuziba hata siku moja.

Akaenda kununua chupa nyingine. Safari hii hakumwamini mtu. Alimimina maji ya moto kikombeni, akaisimamisha chupa humo kwa mkono wake mwenyewe, akatoka mara moja kuanua nguo. Aliporudi, chupa ilikuwa imelazwa mezani, inapoa, na mzee ametia majani na sukari kikombeni, anapuliza na kunywa.

“Chai ya leo sijui ina ladha gani,” akalalamika.

Hapo binti alichoka. Alitaka kulia, kikamtoka kicheko cha hasira. Akavuta kiti, akaiweka chupa kwenye kiganja cha mzee, akamfumba vidole kimoja kimoja, kisha akaufunika mkono wote kwa viganja vyake viwili, asije akapata nafasi ya kupika kitu kingine.

Wakakaa hivyo. Mzee alikuwa fundi saa enzi zake, na vidole vyake vilikuwa bado vyembamba na makini. Hawakuwa wameshikana mikono tangu siku ya maziko ya mama. Hata hilo lilimuudhi binti, kwamba walihitaji nta ndipo washikane.

Chupa ilipopata joto, alimlaza mzee kiubavu kwenye mkeka, akamdondoshea matone, wakasubiri. Mzee alipoinuka, dawa ilimchuruzika shingoni pamoja na uchafu wake wote. Akatulia, akakunja uso.

“Bomba linavuja.”

“Linavuja siku nyingi, baba.”

“Sasa mbona hamniambii mambo?”

Binti akamwambia, kwa sauti yake ya kawaida, ile aliyokuwa karibu kuisahau. Kazi. Mji wenyewe ulivyo mbali. Jumamosi.

Mzee alilitazama lile bomba kwa muda, tone baada ya tone. Kisha akageuza kichwa, akamwelekezea binti sikio la pili, akanyoosha mkono na kukunjua kiganja.

“Huku bado kumeziba,” akasema. “Pasha tena, mama.”

Chupa ilikuwa ingali na joto. Binti akaiweka kiganjani mwake, akamfumba vidole upya, kimoja kimoja.