Keziah Afunua Chungu

Mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ilimtuma Keziah, mama kutoka Maragoli, magharibi mwa Kenya, apatanishe wenye ndoa kijijini kwetu karibu na Kiganjo. Mume wangu Kingori akanishtaki: ati napika githeri nyingi, mahindi na maharagwe, na yeye analala njaa. Kweli, nilikuwa nampelekea ndugu yangu aliyekuwa na Mau Mau msituni. Mwanamume Mgikuyu hachungulii chungu cha mkewe, kwa hivyo sikuogopa.

“Kwetu, ugomvi wa nyumba huanzia chunguni,” Keziah akasema, akafunua. Akaona fungu la ndugu yangu nililofunga kwa majani ya mgomba. Akafunika chungu, akamgeukia Kingori.

“Mzee, bibi yako ni mlafi tu. Muongezee mahindi.”

Kingori akacheka. Nikamshukuru Keziah, lakini alikuwa mtu wa serikali, na kesho yake nikabadilisha njia ya msituni.