Mteremko Nilioupalilia

Kwetu Mbozi mke mvivu hujulikana kwa majani yaliyoota ndani ya kahawa yake. Mimi Justina si mvivu. Kwa hiyo mama mkwe wangu, Kabula, alipokwenda msibani siku nne, nilipanda na jembe kwenye mteremko ulio juu ya nyumba yetu hapa Kamsamba.

Mteremko wenyewe ni changarawe. Ng'ombe waliukwangua zamani, na kila masika mawe yalikuwa yakishuka hadi kwenye ukuta wa nyumba. Kwa miaka mitatu Kabula aliuzungushia miiba mifugo isiingie, akapanda mchanganyiko: migunga, mikwaju, kunde za porini zinazotambaa na nyasi za aina nne. Eneo kama hilo, lililofungiwa ili majani na miti virudi, Wasukuma wenzake huliita ngitili. Mimi niliona fujo. Niling'oa kila jani, nikaacha miche ya miti peke yake, nikafagia. Kujisifu kwangu hakukuwa na mfano.

Alirudi siku ya tano, mchana. Hakunitukana.

"Mama Goodness, nyasi ziko wapi?"

"Nimepalilia, mayu," nikajibu, nikimwita mama kwa Kisukuma chake.

Alitazama wingu jeusi lililokuwa likija kutoka Rukwa. Akautupa chini mzigo wake wa safari, nami nikaogopa, kwa sababu sikuwahi kumwona yule mama akiwa na haraka.

"Nyasi ndizo zilizoshika mawe. Miti bado midogo. Mtoe mtoto ndani!"

Nilimnyakua mwanangu Goodness, wa miezi saba, tukakimbilia kwenye kichuguu cha pembeni. Mvua ikaporomoka. Nikasikia mawe yakigongana juu kule, kisha nikaona miche ikishuka mmoja mmoja, imesimama vilevile, kama inatembea. Ukuta wa chumba chetu ukalala juu ya kitanda. Nilijua mume wangu Makene akirudi kutoka machungani nitarudishwa Mbozi, na mtoto atabaki.

"Nisamehe, mayu. Sikujua."

Kabula alijifuta maji usoni.

"Asubuhi ile naondoka nilikuona umebeba jembe, umeelekea mteremkoni," alisema. "Nikafurahi kwamba nimepata mkamwana mchapakazi. Sikukuuliza unakwenda kufanya nini."

Akanivuta nyuma yake pamoja na mtoto. Nililia kwa sauti. Mvua ilikuwa haijakatika, na changarawe ilikuwa bado inashuka.