Sikukuu Haina Mwaliko

Ratomir, mwalimu wa fizikia, hakumwamini Mungu, lakini mtakatifu wa ukoo wao hakuthubutu kumwacha. Kila Desemba, sikukuu yake ilipofika, aliwasha mshumaa wa huyo Mtakatifu Nikola kama baba yake na babu yake, akasimama kutwa kuwahudumia wageni, maana siku hiyo mwenye nyumba haketi. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia ni mila tu. Haya bwana, mila!

Mwaka huo miguu ilimuuma, na roho ilimuuma zaidi. Miaka kadhaa nyuma, siku ya maziko ya baba yao, alikuwa ametamka, mbele ya kaburi, kwamba huko juu hakuna mtu. Mdogo wake, Velizar, akampa kisogo, na tangu hapo hakukanyaga kwake. Leo Ratomir alimtaka ndugu yake, alimtaka hasa. Lakini kumpigia simu hawezi. Kwenye sikukuu ya mtakatifu haalikwi mtu; ajaye huja mwenyewe, na kumwita ni aibu.

Padri Sretko, aliyekaa naye dawati moja shuleni, alikwisha kuubariki mkate. Sasa alikuwa kwenye samaki na uchokozi.

"Ratomir, mkate huu umejioka?"

"Kaoka mke wangu."

"Na mkeo?"

"Kazaliwa na mama yake. Najua unakonipeleka, bwana wee. Utarudi nyuma mpaka kwa wa kwanza, nami nikikuuliza huyo katoka wapi, utaanza kukohoa."

"Akiwa na wa kabla yake si wa kwanza tena, kichwa kigumu wewe!"

"Basi ulimwengu ndio wa kwanza. Nimekupunguzia safari."

"Huo huo unaowafundisha watoto kwamba ulianza? Umeota tu wenyewe, kama chunusi?"

Wageni wakaangua kicheko. Ratomir alicheka nao, jicho liko dirishani.

"Unapima nini huko nje?" Padri akauliza.

"Theluji."

"Mwongo huyo!" alisema Desanka, mkewe, akipita na bakuli la maharage. "Anamngoja Velizar."

"Ehe!" Padri akadakia. "Ana ushahidi gani kwamba atakuja?"

"Sina," Ratomir akakiri.

"Na sahani umemwekea. Sayansi yako inasemaje hapo?"

"Sayansi haikuulizwa. Kula samaki, Baba Padri."

Giza lilikuwa linaingia mlango ulipofunguliwa. Velizar alisimama kizingitini, theluji mabegani, kofia hakuivua.

"Nimekuja kwa ajili ya mtakatifu," akasema. "Si kwa ajili yako."

Jibu la neno hilo Ratomir alikuwa nalo, tena wote walikwisha kulisikia makaburini. Padri akaweka uma chini. Desanka alimkazia mumewe macho.

Ratomir akavuta kiti mbele ya ile sahani.

"Ndivyo inavyopasa," alisema. "Na mtakatifu amekungoja miaka yote hii."

Velizar akavua kofia.

"Basi mwambie nimefika."