Kaburi la Mgomba

Asubuhi ya Jumatano Mama Hélène, mwalimu wa historia, aliandika ubaoni sababu za vita vya msalaba. Kabla hajafika sababu ya pili, askari mmoja wa vita hivyo aliingia darasani akakaa dawati la nyuma. Shati lake la chuma lilikuwa na kutu. Wanafunzi walimpisha wasichafuke nguo, somo likaendelea.

"Walitukusanya uwanjani," alisema askari alipopewa ruhusa. "Wakatuambia kaburi la Bwana liko mikononi mwa Waislamu, na njia ya kwenda kule wameifunga. Tukaitika wote: Mungu njo anataka. Nikauza ng'ombe, nikaenda."

Hélène aliongeza mwaka, 1095, na kengele ikalia.

Askari alimfuata hadi makaburini, akambebea ndoo ya chokaa. Siku ya Marehemu ilikuwa inakaribia, na Hélène alitaka kaburi la mumewe Germain liwe jeupe kuliko yote. Lakini alimkuta Zaituni, mke ambaye Germain alimwoa upande wa pili wa mji, huko alikojulikana kwa jina la Idi. Zaituni alikuwa akisoma dua na kumwagia kaburi maji, kama walivyomfundisha kwao, na chokaa ya jana ilikuwa inatiririka majanini. Ukewenza ni donda, na kifo cha mume hakikuliponya.

"Hii kaburi njo yangu," alisema. "Mimi nilifunga naye kanisani."

"Na mimi mbele ya shehe, Mama Hélène," alijibu Zaituni, mkono haujaacha kumwaga.

"Yeye iko mule ndani?" aliuliza askari.

Ziwa lilimchukua Germain pamoja na mtumbwi wake, na halikumrudisha. Wazee walifanya kama desturi inavyotaka: walikata mgomba wa kimo chake, wakaufunga sanda, wakauzika. Wake zake wote wawili walikuwepo, na wote wawili waliulilia.

"Iko mugomba," alisema Hélène.

"Hata kaburi letu halikuwa na muntu," alisema askari. "Tulijua. Kila Pasaka tulikuwa tunaimba hivyo."

Hélène alimpokea ndoo. "Hata kama ni mugomba, ni mugomba wangu. Simama hapa, asikaribie muntu."

Kesho yake Zaituni alikuja na askari wake mwenyewe, mwenye kilemba, wa vita vilevile. Askari hao walisalimiana kama watu waliowahi kufanya kazi pamoja, wakakaa kando ya kaburi wakigawana karanga. Wanawake hawakusalimiana. Mmoja alipaka chokaa, mwenzake akamwaga maji, mpaka mvua ikaanza. Zaituni alimfungulia askari wake mwavuli.

Hélène aliutazama ule mwavuli hadi mvua ikamwosha chokaa mkononi. Wakati wa kurudi alipita sokoni, akachagua mkubwa zaidi.